Nani Achague Jembe?



Liko swali moja ambalo watu wa mijini hulijadili sana siku hizi. Wao huuliza: je, mfanyakazi ana haki ya kujichagulia chombo anachofanyia kazi, au uchaguzi ni wa bwana wake peke yake? Mara nyingi hulitaja swali hilo kwa habari ya kompyuta, simu na mashini za viwandani. Pengine mmoja wenu atasema: "Neno hilo si letu. Sisi hatuna ofisi wala kiwanda." Asiharakishe kusema hivyo. Jembe nalo ni chombo cha kazi, na panga, na shoka, na kinu, na baiskeli ya kubebea mihogo. Kila kimoja cha hivyo kilichaguliwa na mtu, na mara nyingi aliyekichagua si yeye anayekishika tangu asubuhi hata jua kuchwa. Kwa hiyo swali hili limekwisha kuingia zamani katika vijiji vyetu, ila halikubisha hodi.

Basi tulitafakari kwa utaratibu. Kwanza tuwasikilize wote wawili, mwenye kazi na mfanyakazi, kwa maana mwamuzi asikilizaye upande mmoja hawezi kukata neno kwa haki. Halafu tutazame mambo yaliyotukia kweli katika nchi mbalimbali. Mwishoni tutatafuta jibu ambalo kila mtu aweza kulichukua nyumbani kwake.

1. Neno la mwenye kazi

Mwenye kazi husema hivi: "Chombo nimekinunua kwa fedha yangu. Kikivunjika, hasara ni yangu. Kazi ikiharibika, mnunuzi atanilaumu mimi, wala hatamtafuta mtumishi wangu. Kama kila mtu atachagua apendavyo, nani atavitengeneza vyombo vya namna ishirini, na kazi itapatana namna gani?"

Neno hili tusilidharau. Fikirini watu wanaofyatua matofali ya kujengea shule. Mmoja akileta kalibu yake ndefu, wa pili yake fupi, wa tatu yake nene, kila mmoja atafurahi kwa kuwa anaitumia kalibu aliyoizoea. Lakini mwashi atakapokuja kuyapanga matofali hayo, ukuta hautapanda sawa. Hapo lazima kipimo kiwe kimoja, na lazima awepo mtu wa kukiweka. Vivyo hivyo karani wa zahanati hawezi kuandika majina na dawa za wagonjwa kwa namna aliyoibuni mwenyewe, kwa maana siku asipokuwapo mwenzake hataweza kuusoma ule uandishi, na mgonjwa atapewa dawa isiyo yake. Kazi ya watu wengi yataka mapatano, na mapatano yataka mtu wa kuamua.

Basi tukubali bila kusita: mwenye kazi ana haki ya kusema kazi gani ifanywe, kwa kipimo gani, na kwa fedha kiasi gani.

2. Neno la mfanyakazi

Mfanyakazi naye hujibu: "Bwana, fedha ni yako, lakini mgongo ni wangu. Jembe likivunjika, utanunua jingine sokoni. Mgongo wangu ukivunjika, utaununua wapi?"

Wazee walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Akili ya kazi haikai kichwani peke yake. Hukaa katika mikono pia. Mtu aliyeshika shoka miaka kumi anajua mpini upi unachubua kiganja, na upi unateleza wakati wa jasho. Mama aliyetwanga tangu utoto anajua mchi upi unamchosha kabla unga haujatoka. Yule aliyelipa bei hajui mambo hayo. Si kwa kuwa ni mjinga, bali kwa kuwa hakukishika chombo. Tena wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu asiyeubeba huuona mwepesi siku zote.

Habari hii inaonekana vizuri katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Kijana Daudi alipotaka kwenda kupigana na Goliati, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita, akampa kofia ya shaba na upanga. Angalieni mambo matatu katika habari hiyo. Jambo la kwanza: Sauli hakumpa vitu vibaya. Alimpa vitu bora, vya kifalme, tena kwa moyo mwema. Jambo la pili: Daudi hakukataa kabla ya kujaribu. Alivivaa, akajaribu kutembea navyo, akaona hawezi kwa kuwa hakuvizoea. Ndipo alipovivua, akachukua fimbo yake, mawe matano laini ya kijito na kombeo lake. Jambo la tatu: mfalme hakumlazimisha. Yeye alikuwa na amri juu ya vita, lakini alimwachia mpiganaji neno la silaha yake. Daudi naye hakujifanya mfalme.  Alisema tu: kwa mkono wangu huu, chombo hiki kinafaa na kile hakifai.

Hivyo pande zote mbili zina haki yao. Lakini haki mbili zinapokutana katika njia nyembamba, ipi impishe mwenzake? Tutazame sasa yale yaliyotukia duniani.

3. Jembe fupi la California

Katika nchi ya Marekani, jimbo la California, kuna mabonde mapana yanayolimwa mboga za saladi na beti za kutengenezea sukari. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba hayo, wengi wao watu wa asili ya Meksiko, walipewa jembe lenye mpini mfupi kabisa, pengine sentimita 30 tu. Kwa Kihispania waliliita el cortito, ndiyo kusema "kale kafupi". Mtu hawezi kulima na jembe la namna hiyo ila ameinama kabisa, na hivyo walikwenda mstari baada ya mstari, saa nyingi za siku, miezi mingi ya mwaka.

Wenye mashamba walitoa sababu yao. Walisema kwamba jembe fupi huliweka jicho karibu na mche, mkulima akapunguza miche kwa uangalifu. Jembe refu lingekata miche mizuri pamoja na mibaya. Lakini wafanyakazi walitaja sababu nyingine. Walisema kwamba msimamizi akikaa mwisho wa shamba aliweza kumwona mara moja yeyote aliyenyoosha mgongo, kwa maana katikati ya watu walioinama, mmoja akisimama huonekana kama mti katika uwanda. Jembe refu lingemruhusu mtu kupumzika kidogo akiwa wima, wala msimamizi asingejua.

Mwaka 1972 wafanyakazi walipeleka mashtaka yao mbele ya ofisi ya jimbo inayoangalia usalama wa kazi. Walisaidiwa na mawakili wanaowatetea maskini, na mmoja wao alikuwa Maurice Jourdane. Waganga walishuhudia kwamba kuinama hivyo siku zote huharibu mifupa ya uti wa mgongo. Mwaka 1973 ofisi ilikataa. Ilisema kwamba sheria inakataza vyombo vya hatari, lakini jembe hili si bovu wala halikuvunjika. Kwa hiyo si chombo cha hatari. Wafanyakazi hawakuchoka, wakafika mbele ya Mahakama Kuu ya California. Tarehe 13 Januari 1975 mahakama hiyo ilisema kwamba ofisi imeifahamu sheria kwa ufinyu. Chombo chaweza kuwa kipya na kizima, lakini kama kutumiwa kwake kwenyewe kunamwumiza mtu, hicho ni chombo cha hatari. Mwaka huo huo jembe fupi lilipigwa marufuku, wafanyakazi wakashika jembe refu, wala kilimo cha saladi hakikufa.

Lakini habari haikuishia pale. Katika mashamba mengine watu waliamriwa sasa kung'oa magugu kwa mikono mitupu, wakiinama vilevile kama zamani. Ikabidi mwaka 2004 serikali ya California iweke kanuni nyingine ya kuipunguza kazi hiyo. Tufahamu maana ya jambo hili. Sheria iliweza kuliondoa jembe baya, lakini haikuweza mara moja kuiondoa desturi ya kumwamuru mtu bila kumwuliza.

4. Je, jembe fupi ni baya lenyewe?

Hapa mmoja wenu, hasa akina mama, atashangaa: "Lakini sisi tunalima na jembe la mpini mfupi tangu mababu! Je, tunatenda ubaya?"

Hapana. Mwaka 1998 mashirika mawili ya kimataifa ya kilimo, FAO na IFAD, yalitoa taarifa juu ya vyombo vya wanawake wakulima katika nchi tano za Afrika, nazo ni Burkina Faso, Senegal, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Ilionekana kwamba mahali na mahali pana desturi yake. Wengine hulima kwa mpini mrefu, wengine kwa mfupi, na tena kuna mahali ambapo anayelima akiwa wima huhesabiwa kuwa mvivu.

Basi tofauti i wapi kati ya mama wa kijijini na yule mfanyakazi wa California? Jembe lao laweza kuwa sawa kwa urefu. Lakini yule mama, kama shamba ni lake, huinama apendapo na husimama apendapo. Akichoka huegemea mti, hunywa maji, humnyonyesha mtoto, halafu hurudi. Mfanyakazi wa California aliinama kwa kuwa mtu mwingine ameamua ainame, na chombo chenyewe kilimzuia asisimame kwa siri. Kwa hiyo ubaya haukuwamo katika mpini peke yake. Ulikuwamo katika hili: kwamba mgongo ulikuwa wa mmoja na uamuzi ulikuwa wa mwingine, na mwenye mgongo alipolia hakuna aliyesikia kwa miaka mingi.

Haya ndiyo ya kukumbuka hata tukisahau mengine yote. Tunapokipima chombo, tusiulize tu kama kinafanya kazi vizuri. Tuulize pia: kilichaguliwa kwa ajili ya kazi, au kilichaguliwa kwa ajili ya kumtiisha mtu?

5. Taa ya wachimba makaa

Sasa wengine watapenda kukata neno upesi: "Basi, kila mfanyakazi ajichagulie, yaishe!" Ngojeni kwanza. Tuvuke bahari, twende Uingereza.

Huko watu walichimba makaa ya mawe chini kabisa ya ardhi, nao walimulika kwa mishumaa. Lakini ndani ya migodi hiyo hutoka hewa iwezayo kushika moto. Tarehe 25 Mei 1812, katika mgodi wa Felling, hewa hiyo ililipuka, ikawaua watu wazima na watoto 92. Baada ya msiba huo wenye elimu walitafuta taa isiyoweza kuiwasha hewa ya mgodi, na mwaka 1815 Humphry Davy alitengeneza taa ambayo moto wake umezungukwa na wavu wa nyuzi nyembamba za chuma. Wavu huo huupoza moto usitoke nje.

Je, wachimbaji wote waliipenda taa hiyo? La. Nuru yake ilikuwa hafifu, nao walilipwa kwa kadiri ya makaa waliyoyakata. Asiyeona vizuri hukata machache, na mshahara wake hupungua. Kwa hiyo wengine waliifungua taa ili wapate nuru zaidi, hata ikawa lazima kuzitia taa kufuli. Hapa basi mfanyakazi alijichagulia chombo kilichompendeza, na kwa kujichagulia aliweka hatarini maisha ya wenzake wote. Moto wa mtu mmoja chini ya ardhi si wake peke yake. Mtu aweza kusema "mgongo ni wangu", lakini hawezi kusema "pumzi ya jirani yangu ni yangu".

Tusiwalaumu wachimbaji peke yao, kwa maana wenye migodi nao hawakuwa safi. Walipoipata taa mpya, waliwatuma watu katika sehemu za hatari ambazo zamani ziliachwa. Tena kama wangelipa mshahara kwa namna nyingine, mchimbaji asingeshawishika kuifungua taa. Mara nyingi tukimwona mfanyakazi anakataa chombo kilicho chema, tukichunguza tutaona kwamba hakikatai chombo. Anakataa kupoteza chakula cha watoto wake.

6. Uchaguzi wa mwenye njaa

Wengine husema: "Heri mtu asiye na bwana, kwa maana yeye hujichagulia." Tuchunguze neno hili hapa kwetu.

Huko Kolwezi, mkoani Lualaba, na katika sehemu nyingine za Katanga ya zamani, maelfu ya watu huchimba shaba na kobalti kwa mikono. Sheria ya madini ya mwaka 2002 inawatambua wachimbaji wa namna hiyo, mahali palipotengwa kwa ajili yao. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo, nayo hutiwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Wengi wa wachimbaji hawa hawapewi chombo na mtu. Hununua wenyewe nyundo, patasi, koleo, gunia, kamba, na taa ndogo ya kufunga kichwani. Je, tuseme kwamba hawa ndio wafanyakazi wenye uhuru kuliko wote?

Mtu anayeshuka shimoni bila miti ya kuzuia udongo usianguke, bila kofia ngumu na bila hewa ya kutosha, hakuchagua kushuka hivyo kama mtu achaguavyo kitambaa sokoni. Anajua kwamba miti ya kuzuia udongo ingemfaa, lakini fedha ya miti ndiyo fedha ya unga. Njaa imemchagulia. Naye anayeyanunua madini kwa bei ndogo hawezi kunawa mikono na kusema, "Mimi sikumpa chombo kibaya, alikuja nacho mwenyewe." Bei aliyoikata ndiyo iliyomchagulia mwenzake chombo.

Kwa hiyo tusidanganywe na jina la uchaguzi. Kuna uchaguzi wa kweli, ndipo mtu ana njia mbili mbele yake na uwezo wa kwenda katika kila moja. Tena kuna uchaguzi wa jina tu, ndipo mtu ana njia moja, nayo ni mbaya.

7. Msimamizi aliye ndani ya mashini

Vijana wetu wengi wanakwenda mijini, na baadhi yao wanafika nchi za mbali. Huko watakutana na vyombo vipya. Katika maghala makubwa ya Ulaya na Marekani, mtu hupewa kijimashini cha mkononi kinachomwonyesha kitu cha kwenda kuchukua. Na kijimashini hicho hicho huhesabu dakika alizokawia. Dereva wa pikipiki hupewa safari na simu, na simu hiyo humpima. Zamani msimamizi alisimama mwisho wa shamba. Siku hizi ameingia ndani ya chombo chenyewe. Mfanyakazi anakishika mkononi, nacho kinamtazama.

Hatusemi kwamba vyombo hivyo ni viovu. Simu inayomwonyesha dereva njia ni msaada mkubwa. Lakini swali la jembe fupi linarudi vilevile: kimewekwa kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya kumzuia mtu asinyooshe mgongo?

Je, kuna waliolitafutia jambo hili dawa? Wapo. Katika nchi ya Norwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa chuma kiliona kwamba kompyuta zinaanza kuingia viwandani, na wafanyakazi hawajui zitaleta nini. Hawakuzivunja, wala hawakukaa kimya. Walimwendea mwenye elimu wa hesabu, Kristen Nygaard, naye pamoja na wenzake akawasaidia kujifunza namna mashini hizo zinavyofanya kazi, ili waweze kusema neno lao kwa akili. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri walipatana kwamba wafanyakazi waelezwe mapema habari ya mashini hizo, kwa maneno wanayoyafahamu, na kwamba waweze kumchagua mwenzao mmoja wa kuwasemea katika jambo hilo. Mwaka 1977 sheria ya nchi juu ya mazingira ya kazi ikaongeza nguvu: wafanyakazi wajulishwe, wafundishwe, nao washiriki wakati vyombo hivyo vinapopangwa.

Angalieni hekima yao. Hawakudai kila mtu awe na mashini yake. Walidai mambo matatu: kuelezwa mapema, kufundishwa, na kusikilizwa kabla neno halijakatwa. Maana kumwuliza mtu baada ya kununua si kumwuliza. Ni kumpasha habari.

8. Jibu letu

Sasa twaweza kujibu lile swali la mwanzo, nalo linajibiwa kwa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza: kusudi la kazi, kipimo chake na mfuko wa fedha ni mambo ya mwenye kazi. Matofali yawe ya kalibu moja. Mfanyakazi asiyaharibu mapatano kwa kupenda mazoea yake tu.

Sehemu ya pili: yale yanayougusa mwili na mkono wa mfanyakazi, hapo neno lake litangulie. Aulizwe kabla ya kununua. Apewe siku za kujaribu, kama Daudi alivyojaribu. Akisema kwa ukweli kwamba chombo kinamwumiza, asiadhibiwe kwa kusema hivyo, wala asiitwe mvivu. Haki ya kununua jembe haimpi mtu haki ya kuununua uti wa mgongo wa mwenzake.

Sehemu ya tatu: yale yanayogusa maisha ya watu wengine, kama taa ya mgodini au dawa ya mgonjwa, hayo si ya bwana peke yake wala ya mfanyakazi peke yake. Hapo wote wawili watii kanuni inayowalinda wote. Na kama kanuni hiyo inampunguzia mtu riziki, haki yataka hasara hiyo isiachwe juu ya kichwa cha maskini peke yake.

Labda mmoja atapinga: "Watu wetu hawajui vyombo vipya. Ukiwauliza watakataa kila kitu, na maendeleo yatasimama." Twamjibu: mtu asiyejua hufundishwa, hanyamazishwi. Na anayekataa baada ya kujaribu amekupa elimu ambayo hukuwa nayo. Bwana mwenye akili huipokea elimu hiyo bure, kabla haijamgharimu.

Lakini tusimalize kwa kuwahukumu mabwana wa mbali, kwa maana nyumbani kwetu pia tu mabwana. Siku ya soko, ni nani anayekwenda kununua jembe? Mara nyingi ni mume. Naye hununua lipi? Lile la bei ndogo, au lile zito analoliona lina nguvu. Na nani atakayelishika shambani? Mkewe, tena pengine ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Je, alimwuliza: "Mama, jembe lipi linakufaa? Uzito gani? Mpini gani?" Wengine huona haya kumwuliza mwanamke jambo la fedha. Lakini hawaoni haya kula ugali wa jembe hilo. Vivyo hivyo kwa kijana anayetumwa kuteka maji. Dungu alilopewa ni la kadiri ya nguvu zake, au ni la kadiri ya kiu yetu? Vivyo hivyo kwa wale tunaowapa kibarua wakati wa kupalilia.

Ndugu zangu, anayeanza kumwuliza mkewe habari ya jembe amekwisha kulijibu swali la viwanda vikubwa. Na asiyeweza kumwuliza mtu wa nyumbani mwake, siku akipewa watu mia wa kuwasimamia atawapa jembe fupi, hata kama jembe hilo litaitwa kwa jina la mashini mpya.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji chetu, ni vyombo gani vinachaguliwa na mtu mmoja na kushikwa na mwingine?

2. Mfanyakazi akikataa chombo kipya, tutajuaje kama anakataa kwa uvivu, kwa mazoea, au kwa maumivu ya kweli?

3. Wakati wa kufyatua matofali au kujenga daraja, mambo gani yafaa yawe ya namna moja kwa wote, na mambo gani kila mtu aweza kujichagulia bila kumdhuru mwenzake?

4. Tunaponunua kitu kwa bei ndogo sana, je, huwa tunafikiri ni chombo gani tumemlazimisha mwenzetu kukitumia ili akipate?